Pepo Bubu wa Uthiru

Jumamosi ya tatu ya Kwaresima, wanawake saba waliingia sebuleni kwangu Uthiru wakiwa na tari mbili na chupa ya mafuta ya zeituni iliyobaki robo, wamekuja kumfukuza pepo bubu aliyekuwa ndani yangu. Pepo mwenyewe alikuwa ameketi kwenye kochi, miguu juu ya stuli, akinywa chai ya rangi. Aliwasogezea viti kwa adabu. Hakusema neno.

Walikuwa ushirika wa maombi wa mke wangu. Mwenyekiti wao, mama mpana anayeuza mapazia ya mitumba Dagoretti Corner, alivua viatu mlangoni, akavipanga, akaja moja kwa moja na kuniwekea kiganja kichwani kama mtu anayechagua tikiti maji.

"Wewe roho ya ububu!" akanguruma. "Tumekujua! Uliingia kwa hii nyumba kupitia wapi?"

Lilikuwa swali zuri. Kazi yangu ni kuandika kumbukumbu za mikutano katika ofisi moja ya serikali katikati ya jiji, kwa hiyo naweza kulijibu kwa mpangilio.

Pepo aliingia kupitia Kitisuru, mtaa wa matajiri. Ushirika wa wafanyakazi wa ofisi yetu ulitupeleka huko kwa siku moja ya mafungo, kabla tu ya Jumatano ya Majivu. Nyasi zilikuwa zimekatwa zikalingana kama zulia, na mbwa wa jirani alibweka mara moja tu, kisha akaonekana kujutia. Mwelekezi wetu, mama mwembamba mwenye sauti ya chini, alitufundisha nidhamu za watawa wa kale wa jangwa la Misri: kusali kwa saa maalumu, kufunga, kunyamaza, kujichunguza kila jioni. Kisha tukaketi chini ya miti tukanyamaza saa mbili nzima. Ni rahisi sana kunyamaza Kitisuru. Jirani yuko mbali kiasi kwamba ukitaka kugombana naye itabidi umwandikie barua.

Tulipoondoka kila mmoja alipewa karatasi moja iliyopigwa chapa pande zote mbili, yenye maelezo ya nidhamu hizo. Mimi nilisoma upande wa kwanza.

Kumbukumbu kamili zinadai niseme pia kilichotokea siku mbili kabla ya Kitisuru. Mke wangu aliweka sufuria mezani, akaketi bila kupakua.

"Baba Watoto, mama anapoteza jicho la pili."

Jicho la kwanza lilikuwa limekwisha kufungwa na mtoto wa jicho. La pili lilikuwa likielekea huko. Wiki ile alikuwa amemimina maji ya moto akidhani chupa ya chai iko pale mkono ulipoikumbuka, akaunguza mguu. Sasa alikuwa amepata nafasi ya kupasuliwa katika hospitali moja hapa Nairobi, Alhamisi moja ya katikati ya Kwaresima. Akiikosa, angerudi mwisho wa foleni, na hakuna aliyejua jicho lingevumilia kiasi gani. Baada ya hapo angehitaji kutiwa dawa ya matone mara nne kwa siku, kwa majuma kadhaa, na mtu anayeona.

"Basi aje," nilisema.

"Usiniambie mimi. Mpigie umwambie. Unajua kwetu, mama hawezi kulala kwa mkwe kama mkwe mwenyewe hajamwita. Nikimwita mimi ni kama paka ndiye ameita."

"Nitampigia."

Nilijua desturi hiyo vizuri. Yeye ni wa Ukambani, mimi ni wa magharibi, na hili ni mojawapo ya mambo machache ambayo pande zetu mbili zilikubaliana bila kuunda kamati: mama mkwe na mkwe wake huheshimiana kwa umbali. Mama hali chakula ovyo mbele ya mkwe, haingii ovyo nyumbani mwake, na halali humo mpaka asikie mwaliko kutoka kinywa cha mwenye nyumba.

Nyumba yetu ina vyumba viwili vya kulala na bafu moja ambalo mlango wake unatazamana na meza ya chakula. Kila asubuhi mimi hutoka humo nimejifunga taulo fupi, nikiimba tenzi. Kwa majuma kadhaa ningelazimika kutoka humo nimevaa suti kamili, kama mbunge anayekwenda kuapishwa, nimsalimie mama mkwe kwa kichwa kilichoinama, nipite. Hiyo ndiyo ilikuwa hofu yangu, yote. Upande mmoja wa mizani palikuwa na jicho la binadamu, upande wa pili palikuwa na taulo, na mimi nilikuwa bado napima.

Ndipo watawa wa Misri waliponihurumia.

Niliibandika ile karatasi kwenye friji, nikajitungia kanuni. Kufunga: chakula cha mchana. Sala: saa sita na saa tisa, simu ikinikumbusha kwa kengele. Kunyamaza: kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi, na Jumamosi siku nzima. Msomaji makini ataona kwamba hizo ndizo saa ambazo mke wangu huwa nyumbani. Mimi sikuona. Nilikuwa mtu wa kiroho wakati huo.

Ofisini niliendelea kuongea kama kawaida, labda kuzidi kawaida. Saa sita niliingia kanisa moja karibu na kazini nikafumba macho, huku nje mhubiri wa barabarani akitangazia watu wa mapumziko ya mchana, kwa kipaza sauti kilichopasuka, kwamba jehanamu iko karibu kuliko wanavyofikiri. Nilimhurumia kwa kukosa utulivu. Niliporudi, mwenzangu wa meza ya pili alinitazama.

"Mkubwa, siku hizi hauli. Umeokoka ama umeibiwa simu?"

"Ni nidhamu za kale," nilimwambia, nikamweleza kuhusu jangwa kwa dakika ishirini.

Nyumbani, wiki ya kwanza ilipita kwa amani. Mke wangu alidhani nimechoka. Wiki ya pili akauliza kama nimempigia mama. Nikachukua kalamu nikamwandikia: *Niko katika ukimya. Tutazungumza Pasaka.* Pasaka ilikuwa baada ya Alhamisi ya mama. Hilo sikuliandika.

Mama mkwe hana simu. Hutumia ya jirani yake, mwenye duka, ambaye hurudi nyumbani saa moja jioni. Kwa hiyo simu zake zilikuja saa moja jioni, saa ambayo watawa na mimi tulikuwa tumekwisha kufunga milango. Mke wangu alininyooshea simu. Nami nikanyoosha kidole kuelekea friji.

"Yuko kwa maombi, mama," alisema.

Nilisikia jibu, kwa sababu simu ya jirani ina sauti kubwa. "Maombi ni mazuri. Nitangoja."

Jioni tatu mfululizo alisema hivyo. Nitangoja. Hakuwahi kuuliza ni maombi gani hayo.

Nidhamu ya mwisho ya siku ilikuwa kujichunguza. Nilikuwa na daftari. Kila jioni niliandika humo dhambi zangu kwa nambari na kwa mwandiko mzuri: nimemkasirikia kondakta, nimetamani chapati, wakati wa sala nimefikiria matokeo ya mpira. Sijui ni watu wangapi Nairobi wamejichunguza kwa bidii kama ile. Kwa zaidi ya wiki mbili mama mkwe hakutokea kwenye daftari lile hata mara moja. Nina uzoefu, kusema kweli. Hata kazini mkubwa huniambia jambo fulani lisiingie kwenye kumbukumbu, na haliingii.

Basi hivyo ndivyo pepo alivyoingia. Turudi kwenye kiganja cha mwenyekiti.

Waliimba. Walizunguka kochi. Mmoja alifungua madirisha yote ili pepo apate pa kutokea, mwingine akayafunga ili majirani wasisikie, wakabishana kidogo kwa macho huku wakiendelea kuimba. Mafuta yalinitiririkia sikioni. Mimi nilikuwa nimefumba macho kwa utulivu, nikiwaza jinsi watakatifu wote walivyoteswa na watu wasiowaelewa.

Nilipofumbua, mke wangu alikuwa amesimama kwenye friji. Hakuwa akiimba. Alikuwa ameibandua karatasi yangu na kuigeuza.

"Kumbe hii kitu iko na upande wa pili," alisema.

Tari zikanyamaza, moja kisha nyingine.

"Nidhamu ya tano," akasoma, polepole, kwa sauti anayotumia kusomea watoto. "Ukarimu. Mgeni akibisha, mtawa huacha mfungo wake na ukimya wake, akamfungulia. Anayejificha ndani ya sala ili asimpokee mgeni, hajasali." Akanitazama. "Ulisoma hapa?"

Nilitikisa kichwa. Hata wakati huo nilitikisa kichwa tu.

Kisha akawaeleza wenzake yote: jicho, mguu ulioungua, Alhamisi, jioni tatu za kungoja. Akawaambia pia kwamba ofisini nilikuwa naongea. Mwenzangu wa meza ya pili alimwambia kwa simu, tena akalalamika kwamba sikomi kuongea. Mwenyekiti aliondoa mkono wake kichwani mwangu. Akaufuta kwa kitambaa cha kochi langu.

"Kwa hivyo hakuna pepo," alisema.

"Hakuna," mke wangu akajibu.

"Ni mtu tu."

"Ni mtu tu."

"Ai! Na sisi tumefunga tangu jana!" Akaketi kwa uzito. "Dada yangu, afadhali angekuwa pepo. Pepo hutoka."

Mke wangu alikuwa amekwisha kupiga simu. Kumbe alikuwa amepanga. Mama yake alikuwa ameketi dukani kwa jirani tangu saa nane mchana, akisubiri habari za uponyaji wangu. Simu ikawekwa mezani mbele yangu, sauti imefunguliwa, wanawake saba wakaizunguka.

"Nasikia watu," sauti ya mama mkwe ilisema. "Kuna harusi?"

"Hapana, mama. Mwenye nyumba anataka kusema."

Nikafungua kinywa. Sauti ilitoka nyembamba, kama bomba ambalo maji yamerudi baada ya siku nyingi. "Mama, shikamoo. Karibu kwetu. Uje ukae mpaka macho yapone."

"Amina!" wanawake wakapiga makofi. Tari moja ililia yenyewe.

Mama mkwe alisubiri wanyamaze.

"Asante, mkwe. Nimesikia. Lakini nimesikia pia watu ni wengi hapo. Mtu akizungukwa husema lolote, hata mwizi husema. Mimi sitaki kulala kwa nyumba ya mtu aliyelazimishwa. Niite ukiwa peke yako. Nikisikia hivyo, nitafunga mzigo."

Akarudisha simu kwa mwenyewe, na jirani akasema duka lina wateja.

Wanawake waliondoka. Mwenyekiti alivaa viatu vyake, akasema atakuja kuchukua chupa ya mafuta siku nyingine.

Jumapili baada ya ibada nilipiga nikiwa peke yangu, nje ya ukuta wa kanisa. Jirani akasema mama amekwenda kanisani kwake na bado hajarudi. Jioni nikavunja ukimya wangu na kupiga tena. Simu ilikuwa imezimwa. Jumatatu saa sita, badala ya kwenda kusali, nilisimama nyuma ya jengo letu karibu na yule mhubiri wa kipaza sauti, kidole kimoja sikioni.

"Nimempa ujumbe kwamba unapiga," jirani alisema. "Mimi niko dukani, yeye yuko nyumbani."

"Akasema nini?"

"Amenyamaza tu."

Mama mkwe hajawahi kukanyaga Kitisuru, wala hana karatasi kwenye friji.

Naandika haya Jumanne jioni. Kitanda kimetandikwa katika chumba cha watoto, na watoto wamehamia kwenye kochi. Nyuma ya mlango wa bafu nimetundika kanzu ndefu. Basi la kutoka kwao linaondoka kesho asubuhi, na hospitali ni keshokutwa. Mke wangu ameketi upande wa pili wa meza, hazungumzi nami, na sina haki ya kumwuliza ni nidhamu gani hiyo. Saa moja, wakati ambao jirani hurudi nyumbani, imepita. Sasa ni saa moja na robo. Nimepiga mara mbili. Hii ni ya tatu, na inaita.