Gome la Muninga

Mimi hakuna kitu kinachoweza kunishangaza tena. Nilianza na bidoni moja ya mawese juu ya baiskeli ya kuazima, na leo nina maghala mawili hapa Rumonge, shule nikiwa nimeiacha mwaka wa nne. Kwa hiyo binti yangu aliponiambia, "Papa, Jumamosi kikundi chetu tunaenda kutembea msituni, kuna kiongozi, tunalipa tiketi," nilicheka mpaka chai ikanitokea puani. Kulipa ili uonyeshwe miti! Sisi Bibi alikuwa anatupeleka bure, na aliyechelewa alipata fimbo.

Lakini nilienda. Msitu wenyewe ulikuwa ule ule.

Rafiki yangu, kama hukulelewa upande wa Gatete hujui Jumamosi ni kitu gani. Kabla ya jua unasikia akina mama wanatwanga chikichi za mawese, tu, tu, tu, kila ua na mdundo wake. Bibi anafunga ugali wa muhogo na ndagala, dagaa wetu wa ziwani, za kukaanga ndani ya jani la mgomba, anachukua panga, anatangulia. Sisi wajukuu na watoto wa jirani tunamfuata mstari mmoja, na hakuna ruhusa ya kumpita. Akifika kwenye mti anaugonga kwa ubapa wa panga na kuuliza, "Huyu ni nani?" Hakuuliza "hii ni nini." Ni nani. Ukishindwa kujibu, unabeba kuni za aliyejibu. Mwalimu wetu alisema kichwa changu ni jiwe, sawa, lakini kwa Bibi sikubeba kuni za mtu hata siku moja.

Pale kijito kinapopinda palikuwa na muninga mmoja, unene wake kama kiuno cha mtoto. Gome lake Bibi alilichemsha kwa ajili ya watoto wanaoumwa tumbo, na akina mama walitoka mbali kuja kuliomba. Alikata kipande cha urefu wa kiganja upande jua linakotoka, na safari nyingine upande linakozama. "Usizungushe," alituambia kila mara. "Ukizungusha, umeuua."

Siku moja miguu ikamuuma, akanituma mimi peke yangu. Nilikuwa na miaka tisa na nilitaka kurudi na gome ambalo kijiji kizima kingesimulia. Nikazungusha. Muninga una utomvu mwekundu kama damu, ukanitiririka mpaka kwenye viwiko, ukaingia shatini. Nikakimbia nyumbani na kipande kimoja tu mkononi.

"Hiyo nini kwenye shati?"

"Mawese, Bibi. Nilipita kwa jirani, wanakamua."

Akalishika lile shati, akasugua doa kwa kidole. "Eh. Mawese ya mwaka huu yanakauka upesi," akasema. Basi, yakaishia hapo.

Haukupita muda mambo yakaharibika, tukavuka mpaka kwenda Tanzania, na Bibi tukamzika huko huko. Mimi nimerudi zaidi ya miaka ishirini sasa, na miaka yote hiyo sikupanda mpaka kwenye kile kijito. Watu niliwaambia sina nafasi. Ukweli ni kwamba sikutaka kuona kisiki kikavu na kujua ni mkono wangu.

Jumamosi hiyo tulikuwa watu kumi na watano. Kiongozi ni msichana wa umri wa binti yangu, buti za mpira, sauti ya sokoni. Kila mti nilikuwa nimeshautaja kabla hajafungua kinywa. "Papa, mwachie kazi yake!" binti yangu ananivuta shati. Lakini tulipokaribia kijito nikarudi nyuma ya mstari. Na kiongozi akasimama pale pale.

"Muninga hii iko na mashina mane, muzizi moja. Nani ataniambia sababu?"

Nikainua macho. Mashina manne, yamenyooka, majani yake yanacheza juu kabisa.

"Zamani kuna mutu aliibambua gome kuzunguka," akasema. "Ingeachwa vile, ingekauka yote. Lakini muangalie hapa chini, kwenye hili kovu. Mwingine alikuja mapema akaikata chini kabisa, na panga. Ndiyo ikachipua. Huyo alikuwa anajua muti."

Nikakaa chini, kwenye majani. Mimi nauza mawese. Mawese hayakauki! Muulize mama yeyote wa Rumonge, doa la mawese linabaki na mafuta mpaka likutane na sabuni. Kidole cha Bibi kilijua palepale. Nikakumbuka na lile gogo aliloshuka nalo kichwani wiki ile ile, akichechemea, mimi nikiwa nauliza kama maharagwe yameiva. Alirekebisha kosa langu, na hakuniaibisha.

"Aliyeubambua ni mimi, nikiwa na miaka tisa," nikasema.

Wakacheka wote. "Yee, Papa! Hata kosa la muti lazima likuwe lako?" binti yangu akasema. Aliponiona nafuta macho, akaacha kucheka.

"Muzee, nilipe amande, faini ya muti, kiasi gani, ndiyo unataka kuuliza?" kiongozi akanitania kwa upole. "Amande ya mutoto wa miaka tisa haiko. Ila kwenye geti tuko na miche."

Njia ya Bibi haipo tena. Sehemu kubwa ni michikichi, na mingine ni yangu. Akina mama waliokuwa wakishuka na vikapu vya uyoga siwaoni, na mitwango ya alfajiri imenyamazishwa na mashine, ikiwemo yangu. Hakuna anayegonga mti siku hizi na kuuliza ni nani. Lakini nilishuka mlima ule nikiwa mwepesi, rafiki yangu, mwepesi kuliko nilivyokuwa na miaka tisa.

Getini miche ya muninga ilikuwa imebaki ishirini na tisa, mmoja elfu moja na mia tano. Nikachukua yote, na mimi mfanyabiashara sikuomba kupunguziwa: faranga elfu arobaini na tatu na mia tano.