Hatua Thelathini Kutoka Ziwani

Ujanani nilikuwa na ugonjwa mmoja, nao ni kujua. Nilikuwa mwalimu wa jiografia katika shule ya kijijini, kati ya Mkolani na kivuko cha Kigongo, miaka miwili baada ya Uhuru, nikimiliki rula, dira ya shaba na koti la kahawia ambalo sikulivua hata jua likichoma utosi. Mtu akiniuliza njia ya kwenda sokoni, nilimwonyesha kwanza kaskazini.

Kwa hiyo bibi mmoja jirani yangu alipokuja na picha hakuhitaji kunibembeleza. Marehemu mumewe alikuwa mpishi wa mzungu mmoja mjini Mwanza, na yule bwana alipofungasha kurudi kwao alimwachia sanduku la makorokoro. Humo ndimo ilimokuwa ile picha, ya vita ya kwanza, ya Mjerumani na Mwingereza. Wapagazi kama kumi wameketi ufukweni chini ya mawe, mizigo imelala pembeni. Nyuma yake pameandikwa kwa Kiingereza kwamba ni wapagazi, ziwani, wakati wa vita. Jina la mahali halikuwepo.

Bibi aliweka kidole juu ya mtu wa tatu kutoka kushoto, mwenye sikio lililokatika ncha, akasema huyo ni baba yake. Alichukuliwa kubeba mizigo ya askari wakati yeye bado binti wa kuchunga ndama, na hakurudi. Hakuna aliyejua alikoangukia. Wazee wa ukoo wakamwambia kwamba, kwa kuwa mwili haupo, udongo wa mahali alipoonekana mara ya mwisho ungetosha kumzika nyumbani. Alitaka nimtajie mahali hapo tu, basi.

Nikaomba wiki tatu. Mungu anisamehe, nilifurahi.

Niliilaza picha mezani nikaiinamia kama daktari. Mawe yalikuwa matatu, mawili chini yamelibeba la tatu. Sasa, kutafuta Mwanza jiwe lililobebwa na mawe mengine ni sawa na kutafuta ng'ombe mwenye pembe. Ng'ambo ya maji kilionekana kilima chenye nundu mbili. Nikapima vivuli kwa rula, nikakata shauri kwamba ilikuwa asubuhi. Kisha nikachukua urefu wa yule mtu wa tatu, nikautumia kukadiria umbali kutoka kwenye mawe hadi majini, nikapata hatua thelathini. Hizo hatua thelathini zikawa dini yangu.

Jumamosi tatu nilizunguka ufukweni na baiskeli, nikihesabu hatua kutoka kila jiwe hadi ziwani, na wanawake waliokuwa wakifua waliacha kufua wakanitazama. Jumamosi ya tatu nikapata mawe matatu, hatua thelathini na moja. Kweli, jiwe la juu lilikuwa bapa na la pichani lilikuwa mviringo. Nikasema mvua zimelichonga. Kilima cha ng'ambo kilikuwa na nundu moja. Nikasema ya pili imejificha nyuma. Mwanafunzi angenijibu hivyo ningempa sifuri.

Tukachota udongo, ukafungwa kwenye kaniki mpya, ukazikwa nyuma ya nyumba ya bibi karibu na zizi. Ukoo mzima ulikuja na mbuzi akachinjwa. Nami nilihutubia, tena msibani, kuhusu vivuli. Bibi alilia kwa sauti ndogo, na mimi nikadhani kwamba hotuba imemgusa.

Miezi miwili baadaye nilipanda pantoni pale Kigongo kwenda Busisi kusimamia mtihani. Nilikuwa nimevuka pale mara nyingi bila kutazama kitu, maana hapakuwa na mchanga wa kupima. Pantoni ilipoanza tu kuondoka nikaona, upande wa kushoto, mawe matatu yamesimama ndani ya maji, la juu mviringo, jeupe kwa mavi ya ndege. Nikainua macho ng'ambo, na kilima kile pale, na nundu zake zote mbili. Nilimuuliza fundi wa pantoni, huku nikijua jibu. Akasema kabla ya zile mvua za mwaka wa Uhuru watu walikuwa wakipumzika mchangani chini ya mawe yale wakisubiri kuvuka, ila ziwa limepanda, kwani mwalimu sikuona?

Niliona. Wiki ileile niliyokuwa nikitafuta mawe niliwafundisha darasa la saba jinsi ziwa lilivyopanda na kumeza mashamba, nikalichora ubaoni kwa chaki ya bluu. Kengele ikalia, nikafuta ubao, nikaenda kuhesabu hatua thelathini hadi kwenye maji ya leo.

Nilinyamaza wiki mbili. Bibi alishaniletea jogoo wa shukrani, na jogoo yule nilishamla pamoja na supu yake. Kila asubuhi nikimwamkia shikamoo alinijibu marahaba, mwanangu uliyenirudishia baba, na ile marahaba ikanikaa kooni kama mwiba wa sato. Mwishowe nikaenda, nikaketi kwenye kigoda, nikamwambia kwamba udongo ule si wenyewe, na kwamba mahali penyewe pamezama.

Alikuwa akipeta mtama. Aliendelea kupeta hadi ungo ukaisha, kisha akauliza maji yanafika wapi. Nikasema kifuani.

"Basi tutachukua maji," alisema. "Na wewe ndiye utakayebeba."

Nikamweleza kwamba baiskeli yangu ina kiti kizuri cha nyuma cha mizigo.

"Baba yangu alipewa baiskeli?"

Niliingia ziwani na debe. Bibi alisimama ufukweni na picha mkononi akinielekeza, sogea kushoto, bado, hapo hapo alipoketi. Nilichota nusu debe. Alilichukua koti langu, akalisokota ngata, akanitwika. Kutoka kivukoni hadi kwake ni mwendo wa saa mbili, na njia inapita mbele ya shule. Wanafunzi walipanga mstari bila kengele. Mzazi mmoja aliniuliza kwa heshima zote kama siku hizi ninauza maji. Maji yalinimwagikia shingoni, na nusu ya njia nikawaza kwamba mtu yule alibeba masanduku ya risasi, wala si kwa saa mbili, wala hakuambiwa anakwenda wapi. Katika picha ile nilichunguza mawe, kilima na vivuli. Yeye nilimtumia kama rula. Hapo niliona aibu hasa, na haikuwa kwa sababu ya kuchekwa.

Tulipofika yalibaki maji ya kujaza sufuria moja. Bibi aliyamimina juu ya kaburi taratibu, akazungumza na baba yake kwa Kisukuma kwa muda mrefu. Kisha akageukia Kiswahili, ili nami nisikie.

"Baba, huyu ndiye aliyekupoteza mara ya pili. Leo amekubeba. Mimi nimemsamehe; wewe utaamua mwenyewe."

Shingo yangu huuma hadi leo mvua zikikaribia, na mimi huchukulia kwamba mzee bado anafikiri.