Mafuta ya nazi kwenye ampli ya babu

Sijawahi kumwambia mtu: ampli ya babu, ile ya kukuza sauti ya gitaa, niliiua mimi.

Nyumbani wote wanaamini ilikufa kwa uzee.

Ni ile ya zamani, yenye taa za kioo ndani, ndizo zinazokuza sauti. Mwaka jana niliona miguu ya zile taa imeanza kushika kutu kwa hewa ya chumvi. Nikafanya kama tunavyofanyia mapanga na baiskeli hapa Mafia: nikaipaka mafuta ya nazi.

Ampli ikanyamaza. Na mimi nikanyamaza.

(Mafuta hayapitishi umeme. Darasani nililisoma kwa Kiingereza, nimelielewa kwa vidole.)

Babu akaacha kupiga gitaa. Jana akasema basi, mnunuzi wa vyuma chakavu akipita aichukue.

Leo nikachomoa waya wa umeme, nikatoa taa moja moja, nikasugua miguu na matundu yake kwa mswaki na spiriti. Mafuta yalikuwa yameganda kama gundi!

Nikarudisha, nikachomeka gitaa, nikawasha. Nikagusa uzi mmoja tu.

Nyumba nzima ikaitika.

Babu akaja mbio kutoka uani. "We Zuhura! Mafundi watatu wameshindwa, wewe umeweza?"

"Shikamoo babu," nikasema. Ndilo pekee lililonitoka, na asubuhi nilishamwamkia.

"Marahaba, fundi wangu!" Akatoka kuwatangazia majirani.

Nyinyi mngemwambia?

Naandika nikiwa nimeficha simu chini ya kanga. Makobazi ya babu hayo yanakuja mlangoni.

Simu nimeitoa. Iko mezani, inawaka. Asome mwenyewe.