Siku Cherono alipokosa maneno Yellowstone

Saa moja asubuhi, katika nyumba moja mjini Columbia, Maryland, Cherono Langat anamimina chai ya maziwa na kuiweka mbele ya mzee aliyevaa sweta ya kijivu. Anamshika vidole na kuvisogeza taratibu hadi vikutane na kikombe.

"Chai hiyo hapo kulia, Mwalimu. Chunga, ni moto."

"Moto kama ile?" anauliza mzee.

Cherono anaangua kicheko. Tangu Juni, kila kitu cha moto katika nyumba hii kinapimwa kwa "ile".

Mzee huyo ni Mwalimu Kamande, mwenye umri wa miaka 81, aliyefundisha jiografia Nyahururu hadi alipostaafu na kuhamia Marekani kwa bintiye. Presha ya macho imemwacha kipofu. Cherono, mama wa miaka 43 kutoka Bomet, ndiye mlezi wake siku sita kwa wiki: humwogesha, humpikia na kumsomea magazeti ya nyumbani kwenye simu.

Safari ilikuwa wazo la Edah, binti huyo, ambaye ni muuguzi. Miaka yote ya kazi baba yake aliwachorea wanafunzi chemchemi za maji moto yanayofyatuka kutoka ardhini, na hakuwahi kuiona hata moja. Edah akalipia ziara ya siku moja yenye kiongozi katika Hifadhi ya Taifa ya Yellowstone, magharibi mwa nchi. Kabla siku haijafika, jicho moja lililobaki likiona nalo likazima.

"Mzee alikataa katakata," anakumbuka Cherono. "Akaniuliza, 'Mama, naenda kuangalia nini? Edah arudishiwe pesa yake.' Nikamwambia, Mwalimu, mimi ninayo macho mawili. Twende nayo."

Hakujua alichojitwisha. Katika miaka tisa ya Marekani alizijua barabara za kazini, za dukani na ya kanisani kule Lanham, basi.

Asubuhi ya ziara, gari dogo lilipoingia bondeni, jua lilikuwa likichomoza na ukungu umelala juu ya mto. Ghafla kiongozi wao, mama mmoja wa makamo, akazima injini. Nyati wenye manyoya mengi walikuwa wameijaza barabara.

"Mmoja anakuja upande wetu," Cherono alimnong'oneza mzee. "Kichwa chake ni kama meza ya kulia. Ana ndevu, Mwalimu! Na theluji mgongoni."

"Theluji mwezi wa Juni?"

"Ndiyo, na haiyeyuki."

Mnyama alipita karibu na dirisha, pumzi yake ikisikika ndani ya gari. Mzee alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu watoke Columbia. Baadaye waliona dubu na watoto wake wawili ng'ambo ya mto, na mbwa mwitu aliyesimama kilimani akiwatazama. Cherono alisema hadi koo likamkauka.

Walipofika kwenye chemchemi kubwa, upepo ulikuwa baridi na ardhi ikifuka moshi wenye harufu ya mayai viza. Kiongozi aliwaambia maji yangeruka muda si mrefu. Hayakuruka. Wakaketi, wakangoja. Midomo ya mzee ikaanza kutetemeka, kikohozi kikamshika.

"Kazi yangu ni kumlinda," anasema Cherono. "Nikamwambia, Mwalimu, turudi garini. Edah ataniuliza."

Mzee aling'ang'ania benchi. "Cherono, mimi nimewaambia watoto wa watu kwamba maji yanaruka. Nimewapa mtihani, nimewakata alama. Na mimi mwenyewe sijui kama ni kweli. Niache hapa."

Cherono akavua koti lake. Akamfunika, akaketi karibu naye na kumkinga upepo.

Ndipo ardhi ikanguruma.

Maji yalichupa kidogo, yakarudi. Yakachupa tena, kisha yakapanda yote kwa pamoja, meupe, marefu kuliko mnara wa kanisa lolote alimowahi kusali, yakasimama angani kana kwamba yamesahau kuanguka. Cherono akanyamaza.

"Cherono, sema!" Mzee alimvuta mkono. "Sema!"

"Kiswahili kilinitoka chote," anasimulia. "Nilipofungua mdomo nikajikuta naongea Kikalenjin, na Mwalimu hajui hata neno moja. Nilikuwa nalia."

Upepo uligeuka ukawaletea manyunyu ya uvuguvugu. Mzee akavua kofia, akainua uso, akaacha yamnyunyizie. Maji yalipotulia, alisema polepole: "Basi sikuwadanganya."

Leo Cherono anapanga kurudi Yellowstone mwaka ujao, kwa likizo yake mwenyewe, ya kwanza tangu aanze kazi hii.

"Siku ile nilikuwa naangalia na kusema, naangalia na kusema," anaeleza, akifuta meza. "Safari hii nataka niketi pale, niangalie tu."

Mzee anageuza kichwa kuifuata sauti yake. "Na mimi utaniacha na nani?"

"Nitakubeba, Mwalimu. Lakini siku hiyo tunanyamaza wote wawili."