Niligongomea Blanketi za Ruracio Ukutani Ili Sauti Yangu Isikike

Admin, jina langu usiliweke tafadhali. Huku Kanja watu wanajuana hadi kwa kikohozi.

Mimi ni msichana wa miaka 29. Nimesomea ualimu lakini sijaajiriwa, kwa hivyo naishi nyumbani na wazazi wangu na mdogo wangu, ambaye nitamwita Wanja. Mwaka jana nilianza kufundisha hesabu kwa video za simu. Nina ubao, chaki na chumba kimoja cha mawe chenye paa la mabati. Kufundisha najua, sijisifu. Shida ilikuwa sauti. Kile chumba kilikuwa kinarudisha kila neno mara mbili, na watu wa mtandaoni hawana huruma. "Mwalimu, unafundishia ndani ya tangi?" Mwingine akaandika kwamba anaelewa kuku wetu kuliko mimi. Nilicheka, halafu nikalia.

Maiki ya maana sikuweza kununua. Nilipata ile ndogo ya kubana kwenye nguo huko Embu mjini, nikaivisha soksi ili isinase pumzi zangu, nikaiweka karibu na mdomo. Ikawa afadhali, lakini mwangwi ulibaki pale pale. Nikasoma mahali kwamba ukuta mtupu ndio unaorudisha sauti, na dawa yake ni kitambaa kizito. Nikamwambia mama natafuta blanketi kuukuu. Alikuwa anachambua maharagwe, hata hakuinua kichwa.

"Si uchukue zile mbili ziko kwa sanduku? Zitaliwa na panya bure."

Zile mbili zililetwa na watu wa Mwenda, kijana wa Ruiri anayetaka kumwoa Wanja. Kwa wasiojua mila zetu, watu wa kijana wakija kwa ruracio, yaani mahari, humletea mama blanketi ya kumshukuru kwa kumbeba msichana mgongoni. Ni heshima yake. Zilikuwa mpya, hata kibandiko cha dukani hakijatoka. Haya yote nayajua, nimezaliwa hapa. Lakini siku hiyo mimi niliona kitambaa kizito tu, Mungu anisamehe. Nikachukua misumari ya inchi mbili nikazigongomea, moja kila upande.

Jamani, sauti ilitoka safi hadi nikaisikiliza mara tatu nikidhani ni ya mtu mwingine. Wanafunzi wakaongezeka, wazazi wakaniandikia asante. Wengi wakauliza nimefanyaje, basi nikarekodi video ya kuonyesha studio yangu ya bei ya chini. Nikaonyesha soksi, nikazungusha simu, nikapapasa blanketi na kusema kwa mdomo wangu huu, nikicheka, "Hizi zilikuwa zimekaa tu, hazina kazi." Hiyo ndiyo video iliyosambaa kuliko zote. Wiki haikuisha kabla haijafika Ruiri. Na kila neno lilisikika.

Mama yake Mwenda alimpigia baba simu. Baba aliiweka kwa spika, sote tukasikia.

"Baba Wanja, sisi tulileta blanketi ya kufunika mama. Hatukuleta ya kufunika ukuta. Kama mmetukataa, si mngetuambia tukiwa hapo?"

Safari yao ya kuja kupanga siku ya harusi ikasimamishwa.

Baba akatuita sebuleni akauliza ni nani alitoa blanketi kwa sanduku. Nikamtazama mama. Mama akatazama sakafu, akasema, "Mimi nilikuwa shamba. Hata sikujua." Nikanyamaza. Mpaka leo sijui kama nilinyamaza kwa heshima au kwa mshtuko. Wanja akanigeukia mbele ya wote: "Haki umenimaliza. Juu wewe hujaolewa, so lazima uharibu yangu?" Maneno hayo yananichoma kila nikiamka, maana huyo mtoto nilimlea mimi mama akiwa shambani.

Video nimeifuta. Blanketi nimezitoa, zina matundu ya misumari. Kesho yake mama alinifuata jikoni, akasema polepole, "Wewe bado ni msichana, watasema ni utoto na watakusamehe. Wakijua ni mimi nilikupatia, watasema mama mwenyewe amekataa hiyo ndoa." Nimemkasirikia sana, na bado naona kwa hilo hakosei.

Sasa baba ameamua twende Ruiri Jumamosi hii. Mimi nisimame mbele ya wazee, niseme nilifungua sanduku la mama bila ruhusa. Nikisema hivyo ndoa itapona, lakini Wanja ataondoka nyumbani akiamini nilimwonea wivu, na ameshasema akiolewa nisikanyage kwake. Nikisema ukweli, nitamvunjia harusi. Kumwambia yeye peke yake naogopa, kwa sababu Wanja akikasirika hana breki, atamrukia mama siku hiyo hiyo na baba atasikia.

Ushauri wa maiki na blanketi mwaweza kuniwekea wakati mwingine. Leo nataka mtu mzima aliyepitia mambo ya nyumbani. Kusimama mbele ya wazee nitasimama, hilo nimeshakubali moyoni. Lakini mwenye kujua namna ya kumrudisha mdogo wangu bila kumvua mama nguo mbele ya wakwe, naomba aniambie kabla ya Jumamosi.