Jua la Saa ya Chakula

Iko adhuhuri moja ya Januari ambayo haijanitoka kichwani, mwanangu, ingawa siku hizi naweza kusahau hata kama nimekunywa dawa zangu. Nitakusimulia, lakini univumilie. Mimi shule niliiachia darasa la nne, sijui kupanga maneno kama waliosoma. Nazungumza tu mpaka nifike.

Wakati huo ndevu zangu zilikuwa bado nyeusi. Tulikuwa tumehamia hapa Birmingham, tukapata nyumba huku Shard End, mimi nafua mashuka ya hoteli na mke wangu ni muuguzi wa zamu za usiku. Mtoto wetu Wambui alikuwa na miaka saba. Nyumbani Kinangop mtoto huyo alikuwa hashikiki. Ukimtuma chumvi dukani anakwenda mbio na kurudi mbio, chumvi nusu imemwagika njiani. Na kiangazi chetu cha kwanza hapa alikimbia vilevile na watoto wa jirani, unamwita mpaka sauti inakauka ndipo aingie.

Kisha ikaja Novemba. Wewe umezaliwa hapa, giza hili umelizoea. Kwetu jua linatoka saa kumi na mbili na kuzama saa kumi na mbili mwaka mzima, hakuna anayeliwazia. Hapa Wambui alikwenda shule taa za barabarani zinawaka, na alipofika nyumbani zilikuwa zimewaka tena. Akaanza kukaa. Hivyo tu, kukaa. Akitoka shule ni kwenye kochi karibu na hita, blanketi mpaka kidevuni, televisheni mbele yake. Akipanda ngazi kwenda chumbani anahema kama ninavyohema mimi sasa. Chakula anakichezea. Usiku halali, asubuhi haamki. Nikimuuliza anaumwa wapi, ananijibu kwa Kiingereza kwamba amechoka. Amechoka na nini, na hakuna alichofanya? Mama yake alimpeleka kwa daktari, daktari hakuona ugonjwa. Nami nikaamua kwamba ni baridi. Nikamvalisha sweta tatu na jaketi juu, mtoto hawezi hata kushusha mikono, halafu nikamwomba mwalimu wake kwamba baada ya chakula cha mchana asimhimize kucheza, amwache asimame ukutani pasipo na upepo. Nikarudi kazini nimeridhika kabisa.

Mama yangu alikuwa amekuja kututembelea kwa miezi sita. Wambui alimwita Shosho, yaani nyanya, basi nasi sote tukamwita hivyo. Watu wa kanisani walimhurumia, wakamletea makoti mpaka tukakosa pa kuyatundika. Ngoja nikwambie jambo ambalo hawakulijua. Kinangop kuna baridi, mwanangu. Kuna asubuhi umande unaganda na kuunguza shamba zima la viazi, na mama alikamua ng'ombe asubuhi kama hizo tangu akiwa msichana. Baridi ya hapa aliitazama tu. Kilichomtisha ni jua. Siku ya kwanza alipoliona saa sita mchana limelala kule juu ya mapaa, halipandi, na kivuli chake mwenyewe kimenyooka mbele yake kirefu kama mkaratusi, alisimama katikati ya njia.

"Hili jua linaumwa?" akaniuliza.

"Ndivyo lilivyo huku, Mama. Mpaka Machi."

"Na watoto?"

"Watoto wamefanya nini?"

Alikuwa bado anakitazama kile kivuli.

Basi ile adhuhuri ninayokwambia nilipigiwa simu kazini. Alikuwa mwalimu mkuu. Akasema kuna mama mzee anayesimama kwenye ua wa shule wakati wa chakula, watoto wanasema ni wa kwetu, tafadhali nifike. Hofu ya mgeni anapoitwa na shule usiombe uijue. Nilishaona tunaandikwa kwenye mafaili na mtoto tunanyang'anywa. Nilipanda basi na aproni yangu ya kazini.

Nilipofika nilisimama, mwanangu. Nyasi zote zilikuwa nyeupe. Kila waya wa ule ua ulikuwa umeota manyoya ya barafu. Nje ya ua alikuwa mama, amevaa gambuti, leso amejifunga juu ya koti la watu wa kanisani, anakwenda ule mwendo wake wa kuwahisha maziwa kabla gari halijaondoka. Ndani ya ua, sambamba naye, alikuwa Wambui. Amejifunga sweta kiunoni, uso ameugeuza upande kama asiyemjua yule mzee, lakini anakwenda. Na nyuma ya Wambui kundi la watoto, Wasomali, Wapakistani, Waingereza, mmoja kiatu mkononi. Mama akifika kwenye nguzo anageuka ghafla, nao wanageuka wakigongana na kupiga kelele. Kisha yule mwanamke mwenye wajukuu tisa akaanza kukimbia.

Jua lilikuwa nyuma yao, chini kabisa, la rangi ya dhahabu. Mvuke wa vinywa vyao ulipanda ukashika rangi ya jua, nao wakawa wanapita ndani yake. Na vivuli, ee Mungu wangu. Kila mtoto alikuwa amefungwa jitu miguuni, na majitu hayo yote yalikimbia juu ya barafu, uwanja mzima, bila sauti yoyote. Nimeona mambo mengi. Jambo kama lile sijaliona tena.

Halafu hofu ikanirudia. "Mama, acha. Hapa huruhusiwi kusimama. Watatufukuza."

"Watufukuze tukiwa tumepata joto."

"Mtoto atashikwa na nimonia."

Hapo akasimama, akashika ua kwa mkono. "Wewe nilikulelea wapi? Si ulichunga ng'ombe kwenye umande ulioganda, miguu mitupu? Nisikilize. Asubuhi mtoto anatoka, jua halipo. Jioni anarudi, halipo. Linakuja akiwa hapa shuleni, saa ya chakula, basi. Hiyo ndiyo siku yake yote. Nawe umekwenda kumwambia mwalimu amsimamishe ukutani."

Mwalimu mkuu akaja hapo, akasema kwa upole kwamba ni sheria, mtu wa nje hasimami uani kuzungumza na watoto. Wambui akamtafsiria Shosho, huku anahema, jasho linamtoka.

"Mwambie nimesikia," mama akasema. "Mwambie basi anifungulie geti."

Wambui akatafsiri hilo nalo, bila hata kucheka. Mwalimu mkuu alimtazama mtoto. Akaniambia tangu Novemba hajawahi kumsikia akisema maneno mengi namna ile. Yakafuata maswali na vyeti, unavijua, lakini mwishowe mama aliingia kwa mlango, kitambulisho shingoni, na mchana wa baridi ile yote ukawa wake na watoto.

Usidhani Wambui alipona siku moja. Zilikuwepo siku alikataa, Februari akarudia kukaa, na Shosho hakumgombeza, alitembea peke yake mpaka mtoto akaona aibu. Machi ngazi za nyumba yetu zilianza kutetemeka tena.

Mama aliondoka Aprili. Juni nikampigia simu nikamwambia ni saa tatu usiku na jua lipo.

"Mmeanza pombe huko?"

Nikaishika simu dirishani. Akasikia kelele za watoto barabarani, na za Wambui juu ya zote. Kisha akasema polepole, "Kumbe Mungu alikuwa amelificha. Mwache. Asiingie mpaka lizame."

Mwanangu, mtoto wako akizama kwenye kochi mwezi wa Desemba, usimwite mvivu. Majira yamemkalia, na yamekukalia wewe pia. Mpunguzie sweta. Umwombe mwalimu amtoe nje, na Jumamosi mchana, jua likichungulia tu, utoke naye wewe mwenyewe, usimwamuru ukiwa umelala na simu yako. Na Juni ikija, usigombane naye sana juu ya kulala.

Mungu awape wanao miguu myepesi na kifua kipana. Nuru ya nchi hii, ndogo au kubwa, iwakute nje kila inapokuja, na ikukute nawe hapo karibu yao, unahema.