Siku Tulipovuta Mzinga

Nakumbuka asubuhi moja ya mvua, mwanangu, mwaka ule wa vita, lori la jeshi lilipokwama kwenye mlima wetu hapa Songambele. Nyuma yake lilikokota mzinga, bomba refu la chuma juu ya magurudumu mawili. Wanajeshi walikuwa wameshaufungua kutoka kwenye lori na kuufunga kamba ndefu.

"Shikamooni wazee," sajini alisema. "Mzinga huu ni mwepesi, mkitusaidia utapanda. Tunaupiga tukiwa nyuma ya kilima, kisha tunauhamisha kabla adui hajajua ulipo. Wenzetu kule mtoni wanausubiri, wanashambuliwa."

Mwepesi! Labda kwa lori lake. Sisi watu wa migombani tulivuta mpaka viganja vikachubuka. Ulipanda kidogo, ukarudi. Wafugaji walisimama pembeni na fimbo zao, wakitutazama. Unajua kwa nini? Juma lililotangulia ng'ombe wa Mzee Kamuhanda, mmoja wao, walikula migomba michanga ya baba yangu, na baba akaapa kwamba hatashika kamba moja na mtu wa zizi lile. Vita viko mlangoni, yeye ana hasira za migomba!

Bibi, mama yake baba, akamsogelea baba na mkongojo wake. "We Petro, bomu likiangukia hapa, litauliza kwanza migomba ni ya nani?"

Watu walicheka, hata sajini. Baba alinuna, lakini akasogea, akaacha nafasi kwenye kamba. Kamuhanda akaingia na vijana wake. Bibi akaanzisha wimbo tunaoimba tukikokota mtumbwi wa mti wa kukamulia ndizi za pombe kutoka msituni, na mzinga ukapanda. Jioni tuliusikia ukinguruma nyuma ya kilima, tukashangilia kana kwamba tumeuzaa sisi. Baba alitoa rubisi, pombe yetu ya ndizi, Kamuhanda akaleta maziwa. Kesi ya migomba waliimaliza siku nyingine, wakiwa wameshiba.

Sasa wewe na kaka yako mnagombania mpaka wa shamba. Gombaneni, sikatai. Ila akiwepo mgonjwa wa kupeleka hospitali ya Nyakahanga, shikeni machela pamoja kwanza, huo mpaka wenu mtaukuta palepale. Usisubiri kupatana ndipo usaidiane na mtu.

Kijana aliyevuta mbele yangu siku ile, akageuka kunicheka nilipoteleza kwenye tope, alikuwa mtoto wa Kamuhanda. Ndiye baba yako. Baba yangu angeshikilia kiapo chake, leo ningekuwa namshauri nani?

Mungu akupe migomba minene, mwanangu, na ng'ombe wa jirani wasiione.